Nilivyoupima Mtandao wa Mkuyuni Mpaka Nikauua

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Nilibanwa na projekti ya mwaka wa mwisho, halafu katikati ya hiyo projekti nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikutana na majirani zangu naangalia chini. Leo nimeamua kukitoa moyoni. Kaa mkao wa kusoma, manake ni ndefu kidogo.

Kwa wasiojua ninapokaa, geto langu liko Mkuyuni. Ukishuka kwenye daladala za Nyegezi au Buhongwa unaiacha barabara, unaanza kupanda mawe. Si mnaijua Mwanza, nyumba zimekaa juu ya miamba kama kuku aliyeatamia mayai. Mama mwenye nyumba wetu ana nyumba tatu kwenye eneo lake moja la mteremko: yake ipo katikati, ya kwangu ipo juu, na ya tatu ipo chini karibu na barabara. Intaneti inaingia kwake, sisi wapangaji tunachangia kila mwezi.

Aliyetufungia mtandao ni mshkaji wetu mmoja, tunamwita Fundi tu. Alifanya hivi: redio moja kwenye ukuta wa nyumba ya mama, inarusha mpaka kwenye nguzo aliyoisimika juu ya jiwe kubwa. Pale kwenye nguzo njia inagawanyika, redio moja inaleta kwetu juu, nyingine inapeleka kule chini. Kazi safi, na kwa bei ya kishkaji. Tulimlipa nusu, nusu iliyobaki ilikuwa shilingi 120,000 baada ya miezi miwili "tukishaona inafanya kazi".

Miezi miwili ilipofika, mtandao ukawa unakufa kila jioni. Mchana unapeta, ikifika saa moja usiku hata picha ya mtu haifunguki. Tukaitisha kikao uani. Kila mtu akasema lake, mwisho macho yote yakanigeukia mimi, eti msomi wa kompyuta. Na mimi kwa kujiamini nikatoa hukumu: "Tatizo ni redio za Fundi za kwenye nguzo. Ni vimeo." Nikaongeza kwamba nimepima.

Kweli nilikuwa nimepima, ila kwa programu ya ping tu. Ping aliiandika Mike Muuss huko Marekani mwezi Desemba 1983, akaipa jina la ule mlio wa sona za manowari: unatuma sauti, unasikiliza mwangwi. Mimi nilikaa chumbani nikatuma pakiti kwenda ruta ya mama. Zote zikarudi, ila mchana zilirudi ndani ya milisekunde 3, usiku zikapanda mpaka 200 na kitu. Nikasema basi, redio zinazotuhudumia ndo mbovu.

Fundi alikuwepo kikaoni. Hakubisha. Aliniangalia kidogo, akasema, "Sawa kaka, wewe ndo umesoma," akachukua ngazi yake akaondoka. Ile 120,000 ikabaki mifukoni mwetu.

Sasa wiki mbili baadaye msimamizi wangu akanipa mada ya projekti: kupima hali ya mtandao wa maltikasti kwa kutumia pakiti za uchunguzi. Nilitamani kulia. Nondo za kutosha, hesabu mpaka basi. Lakini nilipopiga msuli siku mbili tatu nikaanza kuona utamu wake, na ngoja niwape kwa lugha ya nyumbani.

Kutuma kwa kawaida kwenye intaneti ni mtu mmoja kwa mtu mmoja. Watu mia wakitaka mhadhara uleule wa video, seva inatuma nakala mia, hata kama wote wanakaa bweni moja. Maltikasti inasema hapana, tuma nakala moja, njia ikigawanyika ndo nakala itolewe pale pale. Picha yake ni mti: shina moja, matawi mengi. Aliyeuweka utaratibu huo kwenye intaneti ni Steve Deering wa Stanford, na mwaka 1989 ukatoka kwenye waraka wa RFC 1112. Anwani zake zinaanzia 224.0.0.0 mpaka 239.255.255.255. Nikawa nacheka peke yangu: Mkuyuni maana yake si penye mkuyu? Basi na mimi nimepewa mti wangu.

Swali gumu ni hili. Matawi yakilalamika kwamba pakiti hazifiki, utajuaje ugonjwa uko kwenye shina au kwenye tawi, na wewe huwezi kuingia ndani ya mti ukachungulia? Mwaka 1999 Cáceres, Duffield, Horowitz na Towsley walitoa makala iliyojibu swali hilo. Walichosema kinaeleweka hata sokoni.

Chukua shangazi yangu wa Nansio, Ukerewe. Kila wiki anatuma vikapu viwili vya dagaa kwa meli. Vikifika Mwanza, kimoja kinapanda daladala kuja Mkuyuni kwangu, kingine kinakwenda Igoma kwa mjomba. Wiki fulani kikapu changu hakikufika. Nampigia mjomba: "Shikamoo mjomba, cha kwako kimefika?" Akisema kimefika, basi meli haina kosa, changu kimepotelea kwenye daladala. Akisema hata cha kwake hakijafika, hapo naanza kuiangalia meli. Wiki moja haitoshi kuhukumu, inaweza kuwa bahati mbaya pande zote mbili kwa pamoja. Lakini ukiandika kwa wiki mia, ukahesabu ni mara ngapi vimepotea pamoja na mara ngapi kimoja kimoja, utaijua meli ilivyo bila kupanda meli.

Maltikasti inafanya hivyohivyo. Pakiti moja ya uchunguzi inasafiri kwenye shina mara moja tu, halafu inagawanyika. Wapokeaji wote wanashuhudia safari ileile ya shina. Ukiwauliza wote wawili, ushahidi wao unakutana pale.

Nikasema ngoja nijaribu hapahapa nyumbani. Shina ni kutoka kwa mama mpaka kwenye nguzo, matawi ni nyumba ya juu na nyumba ya chini. Mtaniuliza, kwa nini usiingie tu kwenye redio za nguzo ukasoma nguvu ya mawimbi? Jibu ni aibu tupu: nenosiri alikuwa nalo Fundi, na Fundi tulishamnunisha. Kwa hiyo nikazunguka kwenye hesabu kwa sababu nilishindwa kumpigia simu mtu mmoja.

Mama akaniruhusu nichomeke laptopu yangu ya zamani kwenye ruta yake. Laptopu yangu nyingine ikawa mpokeaji wa juu. Mpokeaji wa chini akawa dada mmoja anayekaa na kaka yake, amemaliza kidato cha sita, alikuwa anasubiri chuo. Nikamwekea programu kwenye kompyuta yao, nikamwambia, "Iache tu iwake, mimi nitasoma matokeo." Akasema, "Haya kaka, hamna shida." Sikumwambia ni nini hasa nafanya. Hilo likumbukeni.

Nikaandika kiprogramu cha kutuma pakiti. Kwa uroho wa takwimu nikaweka pakiti kubwa, baiti 1,400 kila moja, 60 kila sekunde. Nikaianzisha saa tatu usiku iende mpaka asubuhi, nikaweka simu kimya, nikalala kama mfalme.

Asubuhi nikakuta simu kumi na moja ambazo sikuzipokea. Zote za yule dada.

Wadau, usiku ule ndo ulikuwa mwisho wa kutuma maombi yake ya mkopo. Saa sita kamili dirisha linafungwa. Alikuwa amehangaika wiki nzima na cheti cha kuzaliwa, alikipata siku ileile jioni, akakaa saa tatu kupakia nyaraka. Na saa tatu ileile mimi nikaanza "utafiti". Ukurasa haufunguki. Anarudia, haufunguki. Ananipigia mtaalamu, mtaalamu amelala. Saa tano na nusu akashuka na kaka yake mpaka barabarani, wakamkuta wakala wa simu anafunga kibanda, akawaonea huruma akawawashia data ya simu yake mwenyewe. Maombi yakaingia zikiwa zimebaki dakika tisa.

Dakika tisa! Sisi tunaoishi kwa bumu tunajua hizo dakika tisa ni nini. Ni tofauti ya kwenda chuo na kukaa nyumbani mwaka mzima ukiuza vocha.

Alinieleza yote kwa upole, hakujua kwamba muuaji ni mimi. Alisema tu, "Kaka, mtandao wa jana ulikuwa mbaya kuliko siku zote." Nikaitikia "pole sana", nikapanda mawe kurudi chumbani nimelowa jasho.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya kuanza. Kwenye Wi-Fi, pakiti ya kawaida ikifika mpokeaji anaitikia "nimepata". Asipoitikia, inarudiwa. Maltikasti haina hiyo, manake wapokeaji ni wengi, nani aitikie? Kwa hiyo haiitikiwi wala hairudiwi, na ili hata aliye mbali asikie, redio huituma kwa kasi ya chini kabisa iliyopangwa. Kwenye redio zetu za zamani ni megabiti 1 kwa sekunde. Baiti 1,400 ni biti 11,200, yaani kila pakiti inashika hewa kwa milisekunde 11.2. Mara 60, unapata milisekunde 672. Katika kila sekunde moja mimi peke yangu nilikuwa nimeishika hewa theluthi mbili! Na redio za nguzo zikarudia pakiti hizohizo kwenda kila nyumba. Waliobaki wakagombea makombo.

Hapo ndo nikaelewa maneno niliyokuwa nayapita haraka kwenye desa: upimaji wa kutuma pakiti huongeza mzigo juu ya kile unachokipima. Daktari anayetoa damu ndoo nzima ili apime malaria, mgonjwa akifa asiseme ni malaria.

Nilikaa siku mbili sijui nifanye nini. Siku ya tatu nikashuka kwa yule dada nikamwambia ukweli. Kaka yake alinitolea macho. Dada mwenyewe alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa unatafuta nini?" Nikamweleza habari ya vikapu vya dagaa. Akasema, "Basi tafuta vizuri, ila utuambie saa." Hilo sharti ndo sasa lipo ukurasa wa kwanza wa sura yangu ya mbinu za utafiti, msimamizi amelipenda.

Awamu ya pili nikaja kistaarabu. Pakiti za baiti 100, tano kwa sekunde. Piga hesabu: kila moja milisekunde 0.8, zote tano milisekunde 4 katika sekunde nzima, bila kuhesabu vichwa vya fremu. Hata sisimizi hatastuka. Nikawatangazia wote saa za kupima, nikapima mara tatu: saa mbili usiku, saa tisa usiku wa manane, na saa nane mchana.

Matokeo nimeyazungusha kidogo ili hesabu ikae sawa. Saa mbili usiku, katika kila pakiti 1,000, juu zilifika 760, chini zilifika 720, na zilizofika kote kuwili ni 684. Sasa angalieni. Kama upotevu ungekuwa wa matawi tu, kila tawi na bahati yake, zilizofika kote zingekuwa 0.76 mara 0.72, yaani kama 547. Lakini ni 684. Pakiti zinapona pamoja na zinakufa pamoja kuliko bahati inavyoruhusu. Kuna kitu cha pamoja. Gawanya 0.5472 kwa 0.684, unapata 0.8. Hiyo ndo afya ya shina: katika pakiti 1,000 shina peke yake linameza 200. Tawi la kwetu ni 0.76 kwa 0.8, yaani asilimia 95. Tawi la chini asilimia 90.

Redio nilizoziita vimeo ndo zilikuwa nzima kuliko zote.

Lakini shina lina nini? Nikadhani ni foleni ya jioni, watu wengi. Nikaangalia saa tisa usiku, kila mtu amelala: shina bado 0.8. Siyo foleni. Nikaangalia saa nane mchana: juu 931, chini 882, kote 838. Shina linatoka 0.98! Matawi palepale, 95 na 90. Kwa hiyo kuna kitu kati ya nyumba ya mama na nguzo ambacho kipo usiku kucha na mchana hakipo.

Nikatoka nje nikasimama chini ya redio ya mama, nikaangalia moja kwa moja kwenye nguzo. Sikuiona nguzo. Nililiona simtanki.

Mama alikuwa amejenga mnara wa tofali akaweka simtanki la lita 2,000, baada ya Fundi kumaliza kazi. Kila saa kumi na moja jioni pampu inalijaza. Usiku kucha limejaa, asubuhi wapangaji wanaoga, wanafua, ikifika mchana limebaki chini. Na mawimbi ya Wi-Fi hayapendi maji hata kidogo, maji yanayanyonya. Usiku tulikuwa tunarusha intaneti kupitia kwenye kisima. Ping yangu haikuona pakiti zikipotea kwa sababu pakiti za kawaida zinarudiwa na kurudiwa mpaka zifike. Upotevu ulijificha ndani ya ucheleweshaji, na mimi nikausoma kama kosa la mtu.

Mnaikumbuka tarehe 12 Mei 2024? Siku ile intaneti Tanzania nzima iliyumba, watu wakawa wanazima simu na kuwasha, wanatukana kampuni zao, wanabadilisha laini. Kumbe nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika, na Kenya, Uganda na wengine waliyumba siku hiyohiyo. Wote walipoumwa pamoja, jibu lilikuwa kwenye shina. Lakini binadamu akiumwa, anamtafuta aliye karibu. Sisi tulimtafuta mwenye ngazi.

Nilimfuata Fundi kazini kwake Igogo, anachomelea madirisha siku hizi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikapotea. Nikasema, "Mshkaji, nilikukosea mbele za watu. Redio zako ni nzima, ni tenki." Akavua miwani ya kuchomelea, akacheka bila furaha sana. "Tenki nililiona siku ileile ya kikao," akasema. "Nikajua nikisema, mtasema natafuta sababu. Wewe ulishasema umepima."

Hiyo sentensi imenikaa. Ulishasema umepima. Yule mtu alilijua jibu kwa macho yake, na namba zangu nusu zikamfunga mdomo. Nikajiuliza ni mara ngapi sisi wa chuo tunafanya hivyo tukirudi nyumbani.

Nilimwomba aje kikaoni, kikao kingine, watu walewale. Nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba nilihukumu kwa kipimo ambacho hakikuwa na uwezo wa kutofautisha shina na tawi, na kwamba usiku wa maombi ya mkopo niliyeua mtandao ni mimi. Nilichora mti kwa mkaa kwenye simenti. Mama mwenye nyumba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, kwa hiyo nitoe maji au nitoe intaneti?" Watu wakavunjika mbavu, na mimi nikapata pa kupumulia.

Fundi hakuhitaji kutoa chochote. Alipanda ngazi yake, akahamisha redio ya mama mita mbili na nusu pembeni, ikaiona nguzo. Kazi ya dakika arobaini. Usiku ule nikapima tena, kwa ruhusa, pakiti tano kwa sekunde: shina 0.98 tenki likiwa limejaa. Tukamlipa 120,000 yake, na mimi nikaongeza elfu ishirini kutoka kwenye bumu langu. Alikataa kwanza, nikamwambia ni ada ya somo.

Yule dada majibu yake ya mkopo bado hayajatoka. Kila nikipita ananiambia, "Kaka, leo unapima?" Namwambia leo sipimi. Anasema haya, basi ngoja nifungue ukurasa.

Projekti nawasilisha wiki ijayo. Mniombee nisipate sapu. Na kama kuna mtu umemhukumu mtaani kwako kwa kipimo cha dakika tano, nenda ukahesabu tena, halafu panda hata daladala umfuate.

Tupo pamoja. Mwangaluka!